Simu Isiyotaka Tuseme Pamoja

Kindu, Jumapili alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, imekatika, na sasa jua limetoka kana kwamba halina habari. Niko barazani, miguu juu ya kigoda, moyo mweupe. Ndiyo, mimi Mwajuma mwenye hasira za karibu, leo nina moyo mweupe. Na sababu ni hii simu mbovu.

Anayenisoma hapa anaijua simu hii kwa matusi yangu tu. Niliichukua kwa mkataba wa mwaka mzima: unalipa kidogo kidogo kila mwezi, na laini yako inafungwa ndani ya simu hiyohiyo mpaka umalize. Ukiihamisha, namba inakufa. Na namba yangu ndiyo wanayoijua wateja wangu wote wa vitenge, mpaka Kibombo, mpaka Pangi.

Haikukaa sana ikaanza vituko. Mwenzio akisema, kipaza sauti cha upande wako kinalala, hakusikii. Ukisema wewe, sauti yake inapotea. Mkisema pamoja, hakuna anayesikia chochote. Hata ukivaa vile vya masikioni, ni yaleyale.

Nimekwenda dukani mpaka mlinzi ananiuliza habari za nyumbani. Msichana wa kaunta, sauti laini kama asali, jibu lake ni moja, la mkataba na dhamana: "Mama, contrat njo inasema vile. Fundi wa inje akiifungua, garanti inakufa. Mungojee tu, ya kubadilisha iko njiani." Njia gani hiyo, jamani, isiyo na mwisho?

Kwenye biashara nilizoea. Shida ilikuwa Yaya Saidi.

Yaya Saidi ni kaka yangu mkubwa. Anaishi Lubumbashi na mke na watoto. Kwa muda sasa amekuwa akitaka tuuze nyumba hii ya marehemu baba, Mama ahamie kwake. Mama hataki. Mimi ninayeishi naye ndiye mtetezi wake, na utetezi wangu ni kelele. Yaya akitaja kuuza, napanda. Nikipanda, naye anapanda, mmoja anakata simu. Siku ya Idi tulikatiana hata salamu hazijaisha. Hilo liliniuma sana.

Juzi akatuma ujumbe: mnunuzi amepatikana, atapiga Jumapili, anataka neno la mwisho. Na hati za nyumba ziko kwa jina la Yaya. Tangu hapo nilikuwa nikimtazama Mama akifagia ua wake, najiuliza atafagia nini huko Lubumbashi.

Leo akapiga.

Tukaanza kama kawaida yetu, wote wawili kwa mpigo, na simu ikafanya yake. Kimya. Alo! Alo! Nilitaka kuitupa matopeni.

Mama akanyoosha mkono. "Leta hapa. Haina mbaya. Hii njo foni."

Watoto wa leo hawaijui foni. Wakati wa vita treni ililala, boti zikalala, hata shambani watu waliogopa kwenda. Njia ya kumsikia ndugu wa mbali ilikuwa ile redio yenye waya mrefu juu ya paa, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja karibu na bandari. Ukiitwa, unakimbia. Unabonyeza, unasema, unamaliza kwa "à vous", yaani zamu yako, kisha unaachia na kusikiliza. Ukibonyeza mwenzio akiwa anasema, maneno yake umeyapoteza, na hujui lini mtapatana tena. Nyuma yako foleni nzima inasikia mambo ya nyumba yenu, na wengine wanaitikia salamu! Hivyo ndivyo Mama alivyokuwa akiongea na Saidi, ambaye wakati ule alikuwa mwanafunzi Kisangani.

Basi Mama akaishika simu mbele ya mdomo, spika ikiwa wazi tusikie wote, akapaza sauti: "Saidi, ni Mama. Mutasema mumoja mumoja. Mwenye hajasema à vous, hajamaliza. Mwajuma, funga kinywa. Saidi, à vous."

Upande wa pili kikasikika kicheko kidogo. Kisha Yaya akaanza kusema, na mimi nikafunga kinywa. Ningefanya nini? Simu hii haibembelezi mtu.

Alianza na mnunuzi, bei nzuri, paa linalovuja. Nilijiuma mdomo. Hakusema à vous. Akaendelea, na hapo yakaja maneno ambayo sijawahi kuyafikia, maana siku zote nilikuwa nimeshakata.

Alisema kuna kipindi kule Kisangani foni ya Kindu ilinyamaza kwa miezi. Mtu mmoja aliyetoka huku akamwambia kwamba mtaa wetu umekwisha, hakuna aliyebaki. Yaya akamlilia Mama. Akaita wenzake wa chuo, wakasoma hitima. Halafu siku moja akaitwa foni, akasikia sauti ya Mama ikimuuliza kama anakula. Miaka yote hii hakutuambia.

"Nilishaka kuzika Mama mara moja," alisema. "Sitaki pesa ya nyumba. Nataka nikiita kwa mulango, Mama aitike. À vous."

Nililia. Sikuona haya.

"Mwanangu, pole na hitima yangu," Mama akasema, akacheka peke yake. Kisha sauti ikabadilika. "Wakati ule watu walikimbia pori. Na mimi nilikimbia. Lakini nilirudi wa kwanza, watu wakasema niko na wazimu. Unajua sababu? Foni ilikuwa inaita watu kwa nyumba zao. Mutu anatumwa: nenda kwa Mama Saidi, nyumba yenye mwembe mbili. Ningehamia pengine, wangeniita wapi? Nilikaa hapa ili unipate, Saidi. Mpaka leo niko hapa ili unipate. À vous."

Tukasikia pumzi, kisha pua ikivutwa. Mtu mzima, baba wa watoto, analia. Mimi ambaye sijawahi kumwachia mtu kimya hata kidogo, nilikaa nikasubiri. Zamu ilikuwa yake.

"Basi," akasema mwishowe. "Namwambia yule mutu atafute nyumba ingine. Nakuja mwenyewe kutengeneza paa. Chumba changu, nani analala mule? À vous."

"Mchele," Mama akajibu.

Tukacheka wote watatu kwa pamoja, na simu ikatunyima vyote, chake na chetu. Mama aliendelea kucheka akiitazama, machozi yakimtoka, na mimi najua kule Lubumbashi kuna mtu alikuwa akifanya vilevile.

Alhamdulillahi. Sijui lini niliwahi kumsikia kaka yangu mpaka mwisho. Labda leo ndiyo mara ya kwanza.

Kesho asubuhi natoa magunia ya mchele chumbani kwa Yaya, napiga deki, nafua chandarua. Mama amekwisha kuanza kuyavuta mwenyewe, nasikia anavyohema huko ndani. Acha nikamsaidie.