Somo la Kwenye Simu Limewagawa Wanangu wa Darasa la Nne

Shangazi Elina mpendwa, shikamoo. Nimechanganyikiwa, naomba unishike mkono kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni mwalimu, kwetu ni Mbinga, nimeletwa kufundisha darasa la nne huku Migato, watoto ni wazuri mno shangazi, nawapenda kupita kiasi, ila kitabu cha sanaa hatuna hata kimoja, basi nikawa nanunua bando na kwenda kusimama karibu na mashine ya kusaga ambako mtandao unashika, nikapata tovuti moja ya walimu wa nje yenye masomo ya kuchora ya bure, rangi nikatengeneza kwa udongo mwekundu, majivu na masizi, brashi ni vijiti vya miti ya pamba tulivyotafuna ncha, na mambo yakaenda vizuri mpaka tulipofika somo la ukuta.

Somo lilisema gawa darasa makundi mawili, kila kundi lijichagulie jina na kuchora upande wake, kisha wageni waamue mshindi. Nikawauliza majina, wakajibu papo hapo, hawa Bagika, hawa Bagalu, nikafurahi wanavyoelewana haraka, nikayaandika juu ya ukuta kwa herufi kubwa. Shangazi, sikujua kwamba hivyo ni vyama vya ngoma vya tangu mababu, ambavyo kila baada ya mavuno hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kinachovuta watazamaji wengi ndicho kinachoshinda!

Sasa wazazi wameshalibeba shindano hili la watoto. Juzi nimemkuta Mzee Masunga, babu yake mwanafunzi wangu Shida, anapaka kitu ukutani upande wa Bagika. "Mwangaluka, mwalimu," akanisalimia bila hata kushtuka, "hii ni dawa kidogo tu, ili siku ya wazazi watu wageukie huku kwetu." Kesho yake bibi yake Ng'washi naye kaja na ya kwake, akaipaka upande wa Bagalu. Shida na Ng'washi walikuwa wanakaa dawati moja, wanagawana hadi michembe, vile viazi vyao vya kukausha, leo hawasalimiani. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mayala, kaniambia nipake chokaa ukuta mzima na niachane na mambo ya simu. Nikifuta, watoto watalia na somo la sanaa ndiyo limekufa. Nikiacha, naogopa siku ya wazazi watu watashikana mashati. Nifanye nini?

Violeth, Migato

Mwangaluka, Violeth mwanangu. Nimecheka mpaka nikavua miwani, ila acha nikugombeze kwanza. Kila siku unasimama pale mashineni na simu yako, na akina mama wa Migato wako hapo hapo kwenye foleni na mahindi yao. Ungemwonyesha mmoja wao tu lile somo, angekucheka na kukuonya palepale. Kuuliza si ujinga.

Lakini usijione mkosaji sana. Wazazi wangapi wanakanyaga shuleni bila kuitwa? Wewe umemfanya Mzee Masunga ajali mchoro wa mjukuu wake mpaka akautafutia dawa! Hayo ni mapenzi, hata kama yamekuja na kibuyu.

Kwa hiyo chokaa usipake. Mwendee Mwalimu Mayala kwa adabu, kiri kosa lako, umwombe nafasi moja. Futa yale majina mawili tu. Kisha wabadilishe watoto upande: Shida akamalizie alichoanza Ng'washi, na Ng'washi amalizie cha Shida, wachangie na kopo moja la rangi. Babu akitaka kuuroga upande wa pili, atakuta mkono wa mjukuu wake uko huko. Na pale katikati ulipoweka mpaka, darasa zima lichore uwanja wa ngoma na watu wake.

Mzee Masunga na bibi wa Ng'washi usiwakimbie. Wafuate nyumbani kwao, salimia vizuri, waombe waje kuwasimulia watoto ngoma zao, dawa waiache nyumbani. Siku ya wazazi Bagika na Bagalu wacheze nje, washindane huko walikozoea tangu zamani. Ukutani hakuna mshindi, na hilo ulitangaze mapema.

Tovuti yako usiitupe, ina mambo mazuri. Ila kila somo, kabla halijaingia darasani, lipitie na mtu wa Migato.

Siku hiyo nitakuja kutoka Bariadi, unitengee kiti. Lakini nikwambie ukweli: baba yangu alikuwa Mgalu, na mimi ni Mgalu mpaka leo na uzee wangu huu. Nikikuta pande mbili nitasimama kwa Bagalu na kupiga vigelegele, sitaweza kujizuia. Ndiyo maana nakuomba, mwanangu, nikute ukuta mmoja.

Shangazi Elina