Kuonja Kwinini

Mpwapwa, Jumatano, mvua imekatika

Na kwa nini asionje mwenyewe? Imenikera kutwa. Daktari wa jeshi la Wadachi amekuja kututibu homa baada ya mafuriko, nami ndiye mkalimani wake. Kwetu Ugogo anayekupa cha kunywa hukionja kwanza yeye. Nilimweleza. Akajibu, "Mimi siumwi."

Basi nikaionja mimi ile kwinini chungu, mgonjwa baada ya mgonjwa.

Jioni Bibi Mbeleje, aliyempakata mjukuu anayetetemeka, akamziba mtoto mdomo kwa kiganja, akanigeukia mimi. "Mwanangu, wewe umeonja mpaka umepauka. Mwenye dawa je?"

Sikutafsiri. Daktari alimtazama mtoto, akachukua kikombe, akapiga funda, uso ukamkunjamana. Bibi akacheka. Mtoto akanywa.

Sasa nimejilaza, na kwinini inavuma masikioni kama ule mto uliobomoa tembe yetu ukamchukua mama. Ajabu, ndani ya mvumo namsikia mama anaita kuku waingie ndani. Sauti yake kabisa.

Daktari amesema kuanzia kesho ataonja mwenyewe, masikio yangu yatulie.

Nitamwambia watu wanataka nionje mimi.