Dakika Tatu za Baba Moraa

Jumatatu, 5 Machi 1951
Nimepalilia mpaka mgongo ukakataa. Mume wangu, Baba Moraa, hajashika jembe. Anafunga nyuzi mpya kwenye obokano, kinanda chake kikubwa cha nyuzi nane. Alhamisi gari la kurekodi santuri linakuja Kisii mjini, na kila mpigaji atapewa upande mmoja. Amesema atapiga wimbo wangu, ule alioutunga mwaka aliponioa. Nikajifanya sijasikia. Nimefurahi hata nimeunguza maharagwe.

Jumatano, 7 Machi
Karani wa watu wa santuri amepita hapa Kiogoro. Upande mmoja ni dakika tatu. Tatu! Huyu mtu, kwenye harusi, hawezi kugusa wimbo kabla hajamsalimu kila aliyeketi, ukoo wake, wajomba zake na ng'ombe wake. Ndivyo wapigaji wetu wote walivyofunzwa. Nimemwambia kesho aende moja kwa moja kwenye wimbo. Ameitikia haraka mno. Sina amani.

Alhamisi, 8 Machi
Nina hasira. Kalamu inatoboa karatasi.
Aliketi kwenye kigoda mbele ya maikrofoni. Tulijaa pale sokoni. Fundi akainua mkono, na Baba Moraa akaanza kumsalimu fundi. Halafu dereva. Halafu Bibi Zuhura mwenye duka la vitambaa, mumewe, na mama mkwe wake aliyeko Mumias. Nikamkonyeza aache. Akadhani namkumbusha aliyesahaulika, akamsalimu chifu. Safu yote ya mbele akaimaliza. Mimi nilikuwa nyuma. Mkono wa fundi ukashuka.
"Wimbo uko wapi, mzee?"
"Nilikuwa naukaribia, bwana."
Hata neno moja la wimbo wangu halikuimbwa. Jina langu halimo. Nimerudi nyumbani nikimwacha nyuma na obokano lake.

Ijumaa, 18 Mei
Santuri zimefika. Kumbe hawakuitupa ile yake. Dukani kwa Bibi Zuhura gramafoni haijapumzika tangu asubuhi. Watu wametoka hata Nyaramba kuja kusikia majina. Aliyetajwa anataka irudiwe. Asiyetajwa anauliza gari litarudi lini. Nyimbo nzuri za wengine zimelala rafuni.
Bibi Zuhura amejisikiliza mara sita, akajifuta macho kwa mtandio. "Na wewe, Mama Moraa, uko wapi humu?"
Nimeona wivu, niseme ukweli. Namwonea wivu hata mama mkwe wa Mumias. Baba Moraa alikuwa mlangoni. Alisikia.

Jumapili, 20 Mei
Mvua. Watoto wako kwa nyanya yao. Nilikuwa jikoni napepeta wimbi, akaingia na obokano, akaketi. Hakuomba msamaha. Akaanza kunisalimu. Ukoo wangu. Mama yangu. Kovu la goti langu. Mtoto tuliyemzika, kwa jina lake. Hakukuwa na mwingine wa kusalimiwa, kwa hiyo hakuharakisha. Ugali ukapoa.
Wimbo hatukuufikia.