Upande wa Tatu wa Shamba la Yeyo

Lodwar, Jumapili

Mdogo wangu Lemayian,

Supa. Natumaini wewe na Yeyo, mama yetu, mko salama, na kwamba Bisil imepata mvua, hata ya kulaza vumbi tu. Mimi ni mzima, ila joto la huku linanipika, na wewe umemalizia kazi.

Uliponitumia vipimo vya shamba la Yeyo nilifurahi sana. Nikachora shamba ubaoni mbele ya kidato cha tatu: upande mmoja mita 90, wa pili 150, wa tatu 260. Nikawaambia watafute pembe ya pale kwenye mgunga kwa kanuni ya kosaini, ile ile niliyokufundisha ukasinzia. Vikokotoo vyote vikakataa. Nikafanya mwenyewe, kikakataa pia. Mwishowe msichana mmoja akasema, "Mwalimu, shamba yenu haifungi." Darasa zima likacheka. Tisini na mia moja hamsini ni mia mbili arobaini, Lemayian. Upande mmoja hauwezi kuzishinda pande mbili zikiunganishwa.

Nilikupigia nikiwa nimewaka. Ukaniambia kamba ingepita kwa nyumba ya nyanya Kokoo, kwa hivyo uliizungusha nje ya boma lake.

"Nilikutuma upime shamba ama upime heshima?" nikakuuliza.

"Sasa dada, nitapitisha aje kamba juu ya kitanda ya mtu? Si atafikiria tunamfukuza."

Nikakuita mjinga, nikakurudisha kwenye mgunga upime pembe kwa simu. Ukiwa na pande mbili na pembe iliyo kati yake, huna haja ya kukanyaga upande wa tatu. Ulipata nyuzi 120. Nikazidisha kila upande kwa wenyewe, nikajumlisha, kisha nikaondoa mara mbili ya pande hizo zikizidishwa pamoja na kosaini ya pembe. Kosaini hiyo ni hasi nusu, kwa hivyo kuondoa kukawa kuongeza. Kipeuo cha pili kikatoka mita 210 kamili.

Jibu ni sahihi, na limenikasirisha kuliko lile kosa. Yeyo anangoja namba hiyo aagize waya, maana ng'ombe wa watu wanamaliza nyasi zake. Anataka ua unyooke kutoka jiwe la mpaka hadi jiwe la mpaka, kama wapimaji walivyochora. Lakini boma la Kokoo lilikuwa limesimama kabla ya wapimaji kufika. Si nyanya yetu wa damu, ila Yeyo alipolazwa, ni kwake tulikula na kulala. Hizo mita 210 zinapita ndani ya nyumba yake. Wewe ulilijua hilo ulipokuwa ukizunguka. Mimi niko mbali, naona herufi na namba tu, na nimechoka.

Mwambie Yeyo namba simpi. Waya upite nyuma ya boma, nyasi kidogo zipotee. Akitaka kugombana, anipigie mimi, mtandao ukikubali.

Nisalimie mke wako huko Kitengela, mwambie simu yake haishiki kamwe. Wasalimie shangazi na wanawe. Na Kokoo naye mfikishie salamu zangu, lakini ukienda kwake, nenda mikono mitupu, asikuone na kamba tena.

Ni mimi dada yako, ambaye hasira haijamwisha,
Naserian