Klabu ya Akina Mama Katika Banda la Pareto

Jumatatu, 2 Juni 1958
Uyole. Baridi kali, nyasi zimekuwa nyeupe mpaka saa mbili. Askari wawili wa boma wameingia klabu ya akina mama wakitafuta kadi za TANU! Wamekuta sufu, sindano za kufumia na cherehani moja. Daftari la klabu wameondoka nalo.

Mwamvita, mwenyekiti, mke wa Zubery mwenye duka, kaja kunieleza huku akicheka. "Mwalimu, wamekunjua hata nepi tulizoshona. Sijui walidhani uhuru umefungwa humo!" Mimi sikucheka. Jengo lile nililitoa mimi.

Jumanne, 3 Juni
Naandika historia yake nisije nikababaika nikiulizwa. Lilikuwa banda la kukaushia pareto, mali ya mlowezi mmoja Mgiriki. Alipoondoka mwaka 1943 aliniachia, nikafundishia humo miaka minane. Misheni ikajenga shule ya matofali, banda likabaki na popo. Mwaka 1954 akina mama wakaomba mahali pa kufuma na kusoma. Nikawapa — kwa mdomo tu. Hakuna hati. Wala sikuomba ruhusa ya boma ya watu kukusanyika. Mwalimu mzima!

Alhamisi, 5 Juni
Mambo yameharibika. Anania, karani wa boma, kanivuta pembeni sokoni. Ukurasa wa kwanza wa daftari umeandikwa: "Jengo hili tumepewa na" — kisha nafasi tupu. Bwana Shauri, afisa wetu wa wilaya, anasema aliyefichwa pale ni mtu wa siasa.

Aliyeandika ni Ikupa, katibu wao, mke wa mwanangu Anyitike aliyeko migodini Rhodesia. Sasa, Mzungu atajuaje? Kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wake. Hakai naye chini ya paa moja. Akimwona njiani hujifunika na kuingia vichakani. Jina lake halitaji, na Ikupa hata kuliandika hakuthubutu. Tumebatizwa, ndiyo, lakini hili wengi bado tunalishika. Miaka kumi na mmoja ameolewa hapa na uso wake siujui.

Mwamvita alikwenda boma kueleza. Bwana Shauri kamfukuza. "Nyie mmeshapanga jibu! Nataka kusikia kwa aliyeandika." Jumatatu afisa anakuja klabuni. Ikupa asipotaja jina, mlango utapigwa misumari na yeye atalala mahabusu Mbeya.

Ijumaa, 6 Juni
Tusekile, mke wangu: "Baba Anyitike, si uende boma ukaseme ni wewe?"

Nikasema nina mafua.

Sina mafua. Naogopa. Yunusu, fundi viatu wa Ipogolo kule Iringa, aliwaazima watu chumba cha mkutano bila ruhusa ya boma — miezi sita gerezani. Nina miaka sitini na nane.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya ibada nimemtuma Tusekile kwa Ikupa: ataje jina, mimi nimeridhia, sina kinyongo. Karudi na jibu, macho mekundu.

"Mama, yeye ataridhia, je, walio makaburini? Watoto wangu wakiugua nitamlilia nani? Sitaji. Na baba asije pale, asiniaibishe."

Chakula kimenishinda.

Jumatatu, 9 Juni
Saa nne. Nimekwenda. Nimekaa juu ya jiwe nyuma ya klabu, ukutani, ambapo Ikupa hanioni. Kila neno nalisikia.

Bwana Shauri akamuuliza Ikupa, "Nani aliwapa jengo hili?"

Akagonga meza. "Huna ulimi?"

Mwamvita kadakia, "Bwana, ulimi anao, tena mrefu, ila kwa jambo hili—" Kaambiwa anyamaze.

"Mara ya mwisho. Jina!"

Kisha mlio wa pingu. Ule mlio!

Nikapaza sauti kupitia ufa wa ubao. Sauti ilitoka kama ya mtoto. "Ni mimi! Mwalimu Andendekisye! Nililitoa mimi!"

Ndani kiti kikaanguka. Wanawake wakapiga kelele. Ikupa kajitupa chini ya meza ya cherehani, nadhani, maana Mwamvita alikuwa anasema, "Shika kanga yangu, mwanangu, jifunike, jifunike."

Askari kazunguka akanikamata mkono. Bwana Shauri katoka, akanitazama. Hakasiriki, na hilo linanitisha zaidi. Kasema mzee yeyote anaweza kusema ni mimi. Atakunywa chai kwanza. Kisha nitaingia nisimame mbele ya Ikupa aliyeandika, naye anitazame usoni aseme kama ndimi niliyewapa jengo. Akikataa kunitazama, basi nimepangwa, tutakwenda mahabusu wote wawili.

Naandika gotini. Askari, Mhehe wa Iringa, kaniuliza taratibu, "Mzee, huyo ni mkweo?" Nikaitikia. Kavua kofia, kaivaa tena.

Nimemwomba aniruhusu niingie kinyumenyume. Anasema yeye hana neno, lakini bwana anataka uso.

Kikombe kimewekwa chini. Wananiita—