Mguu Usio na Dhahabu

Jumatatu, 3 Novemba
Zulia limekung'utwa. Mabirika ya kahawa nimeyasugua kwa ndimu. Mgongo unawaka moto. Kisha bosi akarudi kutoka Italia na kifurushi, akaniambia nikifungue taratibu. Bamba la shaba, dogo, linatosha kiganjani. Bikira Maria amemkumbatia Mtoto, wamechomoza kwenye shaba kama watu wanaochungulia dirishani. Wamepakwa dhahabu. Bosi anasema lina miaka zaidi ya mia tano. Mwaka wa tatu huu hapa Jeddah sijaona hata msalaba, na leo Mama Maria mwenyewe kanifuata mpaka mtaa wetu wa Al-Rawdah.

Jumanne, 4 Novemba
Nimepangusa vumbi sebuleni mara mbili. Vumbi lenyewe halikuwepo. Nilitaka kumtazama tu. Kucha za Mtoto zinaonekana. Nani alikaa akachonga kucha ndogo kuliko punje ya mtama? Ila mguu wake mmoja hauna kucha wala dhahabu. Shaba tupu, laini. Nadhani hapo fundi alilipua kazi.

Alhamisi, 6 Novemba
Madam, mke wa bosi, kauona mguu. Hakupenda. Bamba ni zawadi kwa kijana wao, mpenda vitu vya kale, aliyehamia nyumba mpya Riyadh, na zawadi haipelekwi na kasoro. Jumapili linaenda kwa sonara, lipakwe dhahabu upya. Halas, basi, kaamua. Nikaona sawa.

Ijumaa, 7 Novemba
Si sawa. Ukoo mzima ulikuja kula mchana, na kama kawaida kila aliyeingia alianza kwa bibi mzee, mama yake bosi, akambusu kichwani. Nilikuwa na sinia la wali mkononi. Nikaganda. Nimekumbuka kanisani kwetu Machakos. Ijumaa Kuu tunapanga foleni kubusu miguu ya Yesu msalabani, na rangi ya vidole imeisha hadi katekista huipaka upya kwa rangi ya kucha ya mkewe. Ule mguu haukulipuliwa. Umebusiwa. Watu kwa watu, miaka yote hiyo, mpaka dhahabu ikaisha. Na keshokutwa sonara atawafunika wote. Sijala.

Jumamosi, 8 Novemba
Naogopa. Humu ndani sijawahi kutaja kanisa. Ikama yangu, kibali cha kukaa hapa, iko kwao. Mdomo huponza kichwa.

Jumapili, 9 Novemba
Nimesema. Bamba lilishafungwa kwenye taulo, dereva yuko mlangoni. Kiarabu changu ni cha jikoni, nikakitumia hivyo hivyo: "Madam, huu mguu si mbovu. Watu wamebusu, wamebusu, kama nyinyi mnavyombusu bibi kichwani." Akanitazama. Akafungua taulo, akapitisha kidole pale pasipo na dhahabu, polepole. Akamwambia dereva aende zake. Nimelia stoo, kwa furaha na kwa woga.

Jumanne, 11 Novemba. Riyadh
Madam kaja nami kupanga nyumba ya kijana. Fundi ametengeneza kisanduku cha kioo ukutani. Bamba likishaingia humo halitaguswa tena. Alasiri madam aliliweka mezani, akasema anatoka kupiga simu, nimwangalizie. Akafunga mlango. Simu yake ilikuwa mezani, kando ya bamba.

Nikaubusu ule mguu. Wa baridi, laini sana. Aliporudi alichukua simu yake, tukalifungia kwenye kioo pamoja.