Kadi za Ikiwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umepanda kigoda unatafuta kitu juu ya kabati, maana wewe nakujua na goti lako nalijua. Uvimbe umepungua? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au unaitunza ili isiishe? Baba hajambo? Na mdogo wangu amepata kazi, au bado anachagua kazi kana kwamba yeye ndiye atakayelipa mshahara? Sisi huku miili ni mizima. Ya moyoni ndiyo yaliyonishikisha kalamu. Ningepiga simu, lakini kwenye simu hunipi nafasi nimalize sentensi, na hili nataka nilimalize.

Unakumbuka nilipokuambia kwamba ndoa hii imenichosha na huenda nikarudi nyumbani. Ulinijibu kwamba chumba changu kipo, ila nisije na hasira, nije na sababu. Basi sababu nimeitafuta, mama. Nimeitafuta kwa bidii ambayo kama ningeitia kwenye kazi ningeshapandishwa cheo.

Na kazi yenyewe unaijua. Mkaguzi wa mizani hapendwi, na yeye pia hapendi mtu. Kutwa nazunguka madukani na mawe yangu ya kupimia, kila mwenye duka ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, ananikaribisha soda, huku kidole chake kiko chini ya sahani ya mizani. Ukifanya kazi hiyo miaka, mtu akikusalimia vizuri unajiuliza anaficha nini. Nakiri kwamba tabia hiyo huwa siiachi kazini.

Binti wa mume wangu ana miaka tisa. Mama yake alifariki yeye akiwa bado hajaanza shule. Tangu niolewe humu hajawahi kuniita kitu. Si mama, si mama mdogo, si jina langu. Akiwa na shida huanza na samahani. Samahani, chumvi iko wapi. Samahani, baba anarudi saa ngapi. Nilimtania baba yake kwamba humu ndani mimi naitwa Samahani, wala hakucheka. Mume wangu ni fundi wa lifti, na amefanana nazo: ama yuko juu, ama yuko chini, ukimhitaji katikati humpati.

Sasa yuko mdogo wa yule marehemu, mama mdogo wa mtoto, ambaye watoto wa mtaani wanamwita Bi Kadi. Huyu anatengeneza michezo ya ubao ya kuwafundisha watoto namna mashine inavyoamrishwa, bila kompyuta wala umeme. Kuna ubao wa miraba, kuna kiroboti cha mti kisichozidi kidole gumba, na kuna kadi za amri: nenda mbele, geuka kulia, rudia. Mtoto anapanga kadi zake zote kwanza, kisha ndipo kiroboti kinatembezwa, kadi moja baada ya nyingine. Ukikosea moja kinatumbukia shimoni, kwa kuwa kiroboti hufanya ulichosema, si ulichotaka. Na kuna kadi za ikiwa, ambazo mtoto huziandikia mwenyewe kwa penseli: ikiwa kuna ukuta, basi geuka.

Ubao mmoja na kadi zake alimwachia mtoto, na kila Jumamosi anakuja na boksi lake, wanaingia chumbani kwa mtoto, mlango unafungwa. Nikipeleka chai wananyamaza. Nikitoka, minong'ono inaanza. Mama, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu niliihisi ikivutwa kutoka chumba kile. Niliona wazi kwamba yule mwanamke hakunitaka kwenye nafasi ya dada yake, na kwamba anamtumia mtoto.

Siku moja nilikuwa napiga deki pale ukumbini, na sikatai kwamba nilipiga deki pahali pamoja mno. Nikamsikia akimwambia mtoto kwamba ukishamtia kwenye kitanzi atazunguka humo humo, hatoki mpaka sharti litimie. Kitanzi! Sharti! Kitambaa kilinidondoka kwenye ndoo. Baadaye nilikuja kujua kwamba kitanzi ni kadi ya kurudia amri, kiroboti kinazunguka mpaka kifike kinapotakiwa. Lakini saa ile nani angenieleza? Nilijua anayetiwa kitanzini ni mimi.

Na kweli, haukupita muda vituko vikaanza. Mtoto alimwaga maziwa mezani, kikombe kizima. Ajali hutokea, lakini huyu hakuyatazama maziwa, alinitazama mimi. Nikafuta, nikafoka, akaenda zake chumbani, nikasikia kadi zikipangwa. Siku nyingine kiatu changu cha kazini cha kushoto kikapotea. Nikapekua nyumba nzima, yeye kasimama pembeni ananitazama, na mwishoni nikaenda kazini na ndala, watu wenye mizani mbovu wakapata la kuchekea. Kisha akaanza kuchelewa kutoka shule. Mshona viatu wa pale kona aliniambia kwamba mtoto hukaa kwenye kibao chake bila shughuli yoyote, anasubiri tu muda upite. Alipoona nimetulia, akarudia la kumwaga, safari hii maji.

Machale yakanicheza, mama. Mizani mbovu hukosea ovyo ovyo. Inayokosea kwa mpangilio ujue imechezewa. Huyu mtoto hakuwahi kufanya mawili kwa siku moja, na kila baada ya kituko nilisikia zile kadi. Mume wangu sikumwambia. Angesema ni mtoto tu, kisha angepanda lifti.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nasugua sufuria iliyoungua, nina hasira nayo. Mtoto akaja akasimama mlangoni mwa jikoni. Nikangoja samahani yake. Haikuja. Akasema, mama.

Nikageuka na povu mikononi, nikamuuliza nani amemtuma aniite hivyo.

Akasema hakuna. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa bei akaona hana hela ya kutosha, akaenda chumbani. Nikatega sikio. Kadi sikuzisikia.

Kesho yake niliacha kazi katikati nikaenda hadi karakana ya Bi Kadi. Nilimkuta kavaa aproni yenye gundi, viroboti vimepangwa kwenye gazeti rangi ikauke. Sikukubali kiti. Nilimmwagia yote: Jumamosi zake za milango iliyofungwa, kitanzi chake, maziwa, kiatu, na lile la kumfundisha mtoto anidhihaki kwa jina la mama yake aliyekufa. Nilimwambia kama anataka niondoke aniambie usoni, sababu nguo zangu ni chache na nazikunja upesi.

Mama, nilitegemea matusi. Aliniangalia, akafuta mikono, akaniuliza nilimjibu nini mtoto aliponiita. Nikamwambia. Akakaa chini.

Akaanza kunieleza. Kwamba siku moja mtoto alimuuliza, mtu akikutana na roboti aliyetengenezwa na watu wengine, na hawezi kumfungua aone ndani, atajuaje amri zake? Yeye akamjibu kwamba unampa jambo moja tu, unaona anafanya nini, unaandika kadi ya ikiwa. Unabadilisha jambo moja, unajaribu tena. Alidhani ni habari za mchezo. Hadi Jumamosi moja akakuta kwenye ubao hamna kiroboti, badala yake kuna kifungo cha koti langu la kazi.

Akanisomea kadi kwa kichwa, alikuwa ameshazijua. Ikiwa nimemwaga maziwa, basi anafuta kwanza, halafu anafoka. Ikiwa nimechelewa, basi anafoka kwanza, halafu anafunua chakula alichonifunikia. Ikiwa nimeficha kiatu, basi anavaa ndala na hamwambii baba. Bi Kadi alimuuliza anatafuta nini hasa. Mtoto akamjibu kwamba anatafuta kitu gani kitanifanya niondoke, akishakijua asikifanye.

Soma tena hapo, mama, mimi mwenyewe imebidi niandike polepole. Nilikuwa natafuta sababu ya kuondoka, na mtoto wa miaka tisa alikuwa anaitafuta sababu hiyo hiyo ili asiikanyage.

Nilimuuliza Bi Kadi kwa nini hakuniambia. Akasema aliniogopa. Alidhani nami natafuta kisingizio cha kumfungia mlango asimwone mtoto wa dada yake, ndiyo maana nikileta chai alikuwa ananyamaza, asije akasema neno nikalishika. Kwa hiyo tulikuwa wawili, kila mmoja anamchunguza mwenzake kupitia tundu la ufunguo. Akaongeza kwamba Alhamisi jioni mtoto alimpigia simu kwa simu ya baba yake, akamwambia kwamba amejaribu kadi moja imeharibu kila kitu, na Jumamosi asije na ubao.

Wahenga walisema anayemulika nyoka huanzia miguuni pake. Mimi nilimulika nyumba nzima, miguu yangu nikaiacha gizani.

Sasa nakuambia jambo ambalo hata mume wangu hajalisikia. Usidhani nilikasirika nilipoitwa mama pale jikoni. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikashika karo la vyombo. Na kwa sababu kazini kila kinachonifurahisha nakuta kimechezewa, nikaogopa, nikauliza nani amemtuma. Nimeona haya, mama. Namlilia mtoto yule na najililia mimi.

Nilirudi nikamkuta amekaa kitandani, ubao umefunikwa kwa shuka. Nikaketi sakafuni. Nikamwambia nilikosea, hakuna aliyemtuma, na kwamba akiniita tena nitaitika vizuri. Akafikiri. Akaniambia, bila kuinua macho, kwamba haitafaa, kwa sababu nimeshajua jibu linalotakiwa. Itabidi ningoje mpaka nisahau, na siku yenyewe hatanitangazia.

Mimi nimewahi lini kumpigia muuza sukari simu nikamwambia kesho nakuja kukukagua?

Tangu hapo naishi kama wenye maduka ninaowakagua. Kila samahani inanishtua. Juzi alivunja glasi, nikabaki nimeshika ufagio najiuliza hii ni kadi au ni glasi tu. Nikamuuliza kama ameumia, kisha nikawa na wasiwasi kwamba nimeuliza haraka mno, ataniona najipendekeza. Ucheke tu, najua unacheka. Bi Kadi Jumamosi alikuja na ubao wake, mlango wakauacha wazi, nikaingia na chai nikacheza mkono mmoja. Kiroboti changu kiliingia shimoni kadi ya tatu, maana niligeuza kulia kwangu badala ya kulia kwake. Mtoto alicheka mpaka akajifunika uso.

Kile chumba changu, mama, mpe mdogo wangu. Mwambie baba nitamtumia miwani mwezi ujao, na wewe mguu usiuchezee. Majirani wote nisalimie, hata yule aliyesema sitadumu.

Nilikuwa nimefika hapa mlango ukagongwa. Ni msoma mita za maji, namjua kwa kikohozi chake. Nimemsikia akimuuliza mtoto kama nyumbani kuna mtu mzima. Na mtoto amemjibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kutaja kitu kilipo, kwamba mama yupo, yuko ndani anaandika barua.

Sijui kama ni jaribio. Anajua nasikia, na unanijua, machale yananicheza hata sasa. Lakini hakuja kunitazama usoni. Ameshakwenda kumwonyesha yule bwana ilipo mita. Mimi sikuulizwa chochote, sina cha kujibu vizuri wala vibaya, nimekaa tu na kalamu. Acha niende nikasaini karatasi yake. Ametajwa mama, na humu ndani hamna mwingine.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako.